Baba Alipouza Trela

Wiki iliyopita Baba alinipigia simu nikiwa kazini. Alisema mtu wa vyuma chakavu anakuja kulikokota lile gari-nyumba letu kutoka nyuma ya kanisa, kwa hiyo niende nikaangalie kama kuna kitu changu ndani. Nilijua hakuna, lakini nilikwenda. Gari lilikuwa limekaa pale misimu mingi ya theluji bila kuwashwa, magurudumu yameisha upepo, na mlango wa ubavuni ulikubali kufunguka baada ya kuusukuma kwa bega. Harufu ilinipokea kabla sijapanda. Ilikuwa javeli, dawa ile ya kung'arishia nguo nyeupe, imeshikana na sponji ya godoro, na chini yake gesi kidogo. Niliketi kwenye ngazi, nikawa tena msichana wa shule ya msingi niliyekodoa macho, namchunguza Tantine Faida.

Tantine alikuwa dada mkubwa wa Baba. Kwetu sisi watu wa Kivu shangazi huitwa Tantine, Kifaransa tulichokirithi bila kukisomea. Alikuja Marekani baada yetu, peke yake, akitokea kambi ileile tuliyotoka sisi. Baba alimpa chumba changu katika fleti yetu ya Richfield, Minnesota, mimi nikahamia sebuleni na mdogo wangu Josué, ndege za uwanjani zikipita juu ya paa kila baada ya muda mfupi. Sitaficha kwamba chuki yangu ya kwanza ilikuwa ya kitanda. Lakini nilipoanza kumwangalia vizuri niliona kuna jambo.

Hakuketi kwenye kochi hata siku moja. Alikuwa na kiti chake cha plastiki, akikibeba kutoka chumbani hadi jikoni na kukirudisha, na juu yake hutandika kitenge kilichokunjwa. Chini ya jengo kulikuwa na mashine za kufulia, zote nzima, lakini yeye alifua kwa mikono bafuni alfajiri, amefunga mlango kwa komeo, na tulipoingia kupiga mswaki kwenda shule tulikuta sakafu inanuka javeli mpaka macho yanawasha. Jumapili sisi tulipokwenda kanisani mtaa wa Frogtown, yeye alibaki nyumbani akisikiliza ibada kwa simu ya Mama. Mgeni akibisha hodi, Tantine anatoweka. Usingeamini jinsi mama mnene vile alivyoweza kutoweka.

"She's a spy," Josué aliniambia. Alikuwa mdogo na alipenda filamu.

Mimi nilikuwa na jibu langu, na lilikuwa zito kuliko la Josué. Huwa nashuku mambo. Mume wangu anasema nikiletewa maua huyageuza kwanza nione yametoka wapi. Nilijifunza hilo kambini. Kabla ya kuletwa huku tulihojiwa tena na tena na watu wa ofisi mbalimbali: mama yako anaitwa nani, mlilala chumba kimoja na nani, nani alikuwa anapika. Mama alitukalisha mkekani tukarudia majibu hadi yakateleza mdomoni. Hakukuwa na uongo ndani yake, leo najua. Lakini mtoto akikaririshwa ukweli namna ile, huanza kuuona kama uongo. Nilitoka kambini nikiamini kila familia ina habari ya kuwaambia wageni na nyingine ya kubaki ndani. Basi nilipomwona Tantine anajificha, nilijua moja kwa moja. Tantine hayumo kwenye karatasi. Amekuja kwa jina la mtu mwingine, polisi wanamtafuta, na wakimpata watatuondoa sote. Hiyo ndiyo hofu niliyolala nayo na kuamka nayo, na hakuna mtu aliyejua.

Kisha Baba akanunua trela.

Ilikuwa nyumba ndogo nyeupe ya bati juu ya magurudumu mawili, ya kufunga nyuma ya gari, na ndani yake mlikuwa na kitanda, meza, jiko la gesi na nafasi ya watu wawili wembamba kupishana kwa kuombana radhi. Baba aliinunua kwa sababu kanisa letu lilikuwa na mikutano Iowa na kwingineko, na hoteli kwa familia nzima ilikuwa habari ya matajiri. Msimamizi wa fleti hakutaka kuiona kwenye maegesho, kwa hiyo ililala nyuma ya kanisa. Jumapili baada ya ibada wanaume wote walitoka nje kumfundisha Baba kuirudisha nyuma. Trela hairudi nyuma kama gari. Ukikata usukani kushoto, yenyewe inakwenda kulia, na Baba hakulizoea jambo hilo hadi mwisho.

"Kata kushoto! Kushoto, papa!"

"Yako ya kushoto ao yangu?"

"Ya trela!"

Trela ilijikunja kama goti, ikagonga pipa la taka la kanisa, na wanaume wakaanza upya kwa furaha.

Safari ya kwanza ndiyo iliyonimaliza. Asubuhi Baba alilileta gari na trela nyuma ya jengo letu, upande usio na madirisha mengi. Mama alishuka na Tantine, amemkinga kwa blanketi kama mtu anayetolewa hospitali. Tantine akapanda kwenye trela. Si kwenye gari pamoja nasi, kwenye trela. Baba akafunga mapazia, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni, kisha akatugeukia mimi na Josué.

"Mukiulizwa, mutasema trela iko na vitu vya kanisa. Munasikia?"

"Why though?" Josué aliuliza.

"Juu batu hawapandake mu trela yenye kutembea. Polisi hawapende. Na hii ni mambo ya nyumba."

Nilisikia neno moja tu, polisi. Nilimaliza kilometa zote za Minnesota nimegeuza shingo, nikiangalia ile bati nyeupe ikitufuata, na ndani yake mtu mzima amekaa gizani. Mama hakugeuka. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, na mimi nilijua Mama huimba hivyo akiwa na wasiwasi.

Hatukuwa mbali na mpaka wa Iowa taa za polisi zilipowaka nyuma yetu. Baba alisimamisha gari pembeni, akaweka mikono yote juu ya usukani kama alivyofundishwa. Ofisa alikuwa kijana mwenye mashavu mekundu, mpole tu, akasema taa moja ya nyuma ya trela haiwaki. Kiingereza cha Baba kiliishia kazini, kwenye jokofu la kiwanda cha nyama, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa familia. Ofisa akaniuliza, kwa maongezi tu, tumebeba nini.

"Church stuff," nilisema.

Alirudi nyuma kuiangalia ile taa. Nilimsikia akigonga bati kwa vidole, mara moja, mara ya pili. Ndani hapakusikika kitu. Nilimwaza Tantine amejibana humo, ameshika pumzi, na kwa mara ya kwanza sikumchukia, nilimwonea huruma. Ofisa akatutakia safari njema akaondoka. Baba alikaa bila kuwasha gari muda mrefu, jasho likimtiririka shingoni ingawa nje kulikuwa na baridi.

Mbele kidogo kulungu akakatiza barabara. Baba alikanyaga breki, gari likatii, trela haikutii. Iliyumba nyuma yetu huku na huku ikivuta gari zima, Mama akapiga yowe la jina la Yesu, na tuliposimama kwenye kituo cha mafuta Baba aliruka nje kabla ya kuzima injini. Nilimfuata. Mlango ulipofunguliwa nilimwona Tantine sakafuni, damu inatoka juu ya nyusi, ndoo yenye mfuniko imepinduka, maji yametapakaa kila mahali, na yeye ameshika kitenge kwa mikono miwili akilia bila sauti. Hakuwa anaishika ile damu. Alikuwa anakishika kitenge.

"Espe, rudi mu gari!" Mama alinisukuma. "Peleka mudogo wako. Musiangalie!"

Mkutanoni hatukufika. Tuligeuza tukarudi Richfield, Baba akiendesha polepole kama anayebeba mayai. Kituoni, kabla ya kuwasha gari, alisema neno moja ambalo nililiweka moyoni.

"Basi. Trela naiuza. Natafuta kitu chenye kubeba batu bote pamoja."

Msomaji mwenye akili timamu angesema Baba ameona hatari. Mimi machale yalinicheza. Nilijiambia: gari na trela ni vitu viwili, ukitoroka unalazimika kuacha kimoja. Nyumba yenye injini yake inaondoka na kila mtu, na hairudi. Tulikuwa tunajiandaa kukimbia tena. Nilikuwa nimewahi kukimbia nikiwa mgongoni kwa Mama, sikukumbuka chochote, lakini nilijua kwamba watu wanaokimbia hawawaagi rafiki zao. Nikaanza kugawa kalamu zangu za rangi shuleni.

Gari-nyumba tulilipata Anoka, kwa mzungu mzee aliyeishi karibu na mto. Lilikuwa fupi, si yale makubwa kama basi. Gari la mizigo lililorefushwa kidogo, lina viti vinne vyenye mikanda ukiacha viwili vya mbele, kitanda nyuma, jiko la kukunja, na katikati chumba chembamba cha choo chenye mlango wake. Baba alinichukua nimtafsirie. Mzee alifungua boneti kwa fahari na kuanza kueleza injini. Baba hakuitazama injini. Alipanda ndani, akaingia chooni, akafunga mlango.

Tulisubiri. Mzee alinitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Baba akatoa kichwa.

"Muulize kama mutu anaweza kutumia choo wakati gari inatembea."

Nikauliza. Mzee akasema inawezekana, maadamu ushike kile kishikio.

"Muulize kama bale bako mbele banasikia."

"Papa, that's weird."

"Espe. Miye nakutuma, weye unanihukumu?"

Nikauliza, masikio yanawaka moto. Mzee alikuna kidevu akasema, kwa kweli, hajawahi kulifikiria jambo hilo. Ndipo Baba akaomba kitu ambacho sidhani yule mzee alikisahau maisha yake yote. Aliomba mzee aendeshe, mimi nikae mbele, na yeye Baba abaki chooni. Tuliuzunguka mji wa Anoka hivyo. Tulipita madukani, tukapita kando ya mto, mzee akikata kona taratibu kama dereva wa arusi, na mimi nikitega sikio. Nyuma yetu Baba alikuwa anamwaga maji kwa kopo, anafungua bomba, anafunga, anakohoa kwa makusudi.

"Unasikia kitu?" alipaza sauti.

"No!" nilijibu, ingawa nilisikia kila kitu.

"Ngoja. Na sasa?"

Tuliporudi alishuka akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya kulungu, akampa mzee mkono kwa mikono miwili. Hakuuliza habari ya injini hata kidogo, na ndiyo maana lilitusumbua baadaye.

Njiani kurudi nilijumlisha niliyoyaona. Choo cha ndani maana yake hatutasimama popote. Kisha Mama akavika godoro plastiki nene iliyokwaruza kila ukigusa, akashona pazia zito kati ya kitanda na viti, akajaza chini ya kitanda chupa za javeli. Siku chache baadaye yakaanza kupakiwa masanduku: vitenge vipya vya kufanana, viatu vya Josué vya kung'aa, sufuria kubwa. Tulikuwa tumeambiwa tunakwenda Kentucky kwenye arusi ya Aline. Aline alikuwa mtoto pekee wa Tantine, aliyeletwa Marekani mapema kwa faili ya ukimbizi ya upande wa baba yake na kupelekwa huko, na mama yake hakuwa amemwona tangu kambini. Habari nzuri. Nzuri mno, nilijisemea. Habari ya kuwaambia wageni.

Asubuhi ya safari Tantine alipanda pamoja nasi. Aliketi kiti cha nyuma kabisa, mlango wa choo ukimgusa goti, pazia limefungwa nusu. Nilimwona mgongo ameunyoosha kama mtu wa kupigwa picha ya pasipoti. Tulipita Wisconsin, mashamba kwa mashamba. Mara kwa mara pazia lilifungwa lote, maji yakasikika, kisha harufu ya javeli, kisha pazia likafunguliwa nusu tena. Josué alilala. Mama alilala mbele, mdomo wazi. Sikuweza kuvumilia zaidi. Nilifungua mkanda, nikaenda kuketi kwenye kiti kilichotazamana naye, nikajifunga humo, nikauliza kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho.

"Tantine, polisi wanakutafuta?"

Aliniangalia. Kisha akacheka, na kicheko kile sikuwahi kukisikia. Kilianzia tumboni kikamtikisa mabega, hadi akalazimika kufunga pazia haraka na kuingia chooni. Alipotoka alikuwa anafuta macho.

"Nani alikuambia vile?"

Nikamweleza. Karatasi, jina la mtu mwingine, mapazia, ofisa aliyegonga bati. Kadiri nilivyoeleza ndivyo kicheko kilivyomwisha usoni. Alikunja kitenge mapajani, akakikunjua.

"Mutoto wangu. Hakuna mutu ananitafuta. Karatasi zangu ziko sawa kama zako. Ni miye njo najificha." Aliteremsha sauti. "Nyuma ya Aline kulikuwa mwingine, kijana. Tulikuwa porini, tunakimbia, hakuna muganga, na yeye alikataa kutoka. Alipotoka hakupumua. Na mu mwili wangu kitu kilipasuka. Tangu siku ile mukojo haunisikilize. Inatoka tu, muchana na usiku, nikiketi, nikisimama. Unaelewa?"

Nilielewa. Kitanda changu, kiti cha plastiki, mapambazuko ya javeli, kitenge kilichoshikwa kwa mikono miwili kituoni, yote yalinishukia kwa wakati mmoja, nikaona haya, na nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

"Ndege niliyokuja nayo ilikuwa mateso," alisema. "Batu walibadilisha viti. Sipandi tena."

"Daktari? Si kuna madaktari hapa?"

"Nitamwambia na mudomo gani? Mwenye kupeleka maneno yangu kwa daktari ni shemasi wetu. Mwanaume. Siku ya Mungu ananipa meza ya Bwana. Nimwambie mambo haya?" Alitikisa kichwa. "Namwambia daktari kichwa kinaniuma. Ananipa dawa ya kichwa."

Nilimwambia kwamba shuleni kwetu, mzazi asiyejua Kiingereza akija, mwalimu hupiga simu na sauti ya mwanamke inatafsiri kutoka mji wa mbali, mwanamke ambaye hamjui mtu yeyote na hatakutana na mtu yeyote. Unaweza kumwomba daktari akupigie mtu kama huyo. Unasema tu unataka mwanamke, wa simu. Tantine alinitazama muda mrefu bila kuniamini. Nilitambua kutazama kule. Kumbe nilikuwa nimerithi kwake.

Ukumbi wa Kentucky ulikuwa na maegesho makubwa, na Baba aliliegesha gari kando ya mlango wa ubavu, karibu kabisa, akalirudisha nyuma mara moja tu bila kelele za mtu. Tantine alimkumbatia Aline ndani ya gari, pazia limefungwa, na kilio cha wote wawili tulikisikia sisi tuliokuwa nje. Kisha Aline akaenda kuvalishwa. Arusi ikaanza. Tantine hakutoka.

Kwetu kuna viti viwili mbele, cha mama wa kijana na cha mama wa binti. Maarusi hupiga magoti, na wale mama wawili huwafunika kwa kitenge kimoja, kila mmoja ameshika upande wake. Kiti kimoja kikiwa kitupu, wazee hawaendelei. Maana yake mama amekataa. Dakika zilipita, mpiga kinanda akarudia wimbo uleule, na minong'ono ikaanza. Yule mama mbona haonekani? Kuna nini na mwanetu? Tangu tufike hajashuka kwenye lile gari. Niliona uso wa Aline chini ya shela na nikajua kwamba asipotoka mama yake, binti huyu ataingia kwenye ukoo wa watu watakaomtilia shaka maisha yake yote.

Nilikimbilia garini. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya Tantine, anambembeleza. Tantine amevaa kitenge cha arusi, amejipaka mafuta, ni mzuri.

"Mbele ya batu bote vile? Kwa kiti chenye kitambaa cheupe? Hapana. Mwambie Aline nimemubariki hapa."

Hapo mlango uligongwa. Akaingia mama wa kijana, mwanamke mrefu mwenye kilemba kama ngome, uso umefungwa. Watu walimwita Mama Baraka. Alikuja kuuliza, na alikuja na hasira.

"Mama, sisi tumekosa nini? Utuambie, tujue."

Alisimama pale kwenye nafasi finyu, akatazama godoro lenye plastiki, akatazama zile chupa chini ya kitanda, akavuta pumzi. Nilimwona akinusa. Nikajisemea, kwisha habari. Sasa atatoka na ukumbi mzima utajua. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Mama Baraka aliketi kitandani, plastiki ikalia chini yake.

"Sukuma kidogo," alimwambia Tantine. Wakakaa bega kwa bega. "Dada yangu alikuwa vile. Myaka mingi. Tulimufukuza kulala mu nyumba, tulikuwa tunafikiri ni mapepo. Walimushona ku hospitali, Bukavu. Alipona. Sasa anauza samaki, anaketi fasi anapenda."

Tantine alifunika uso.

"Kwa kiti chako tutaondosha kitambaa. Tutakiweka upande wa mlango. Ukisimama, na miye nasimama. Twende, bibi, batoto bamechoka kupiga magoti."

Wakaenda. Niliwafuata nyuma, na bado, naapa, sikumwamini. Niliketi mstari wa kwanza nikimtazama yeye, si maarusi. Viti vilisogezwa mlangoni, wazee wakaguna kidogo lakini wakaacha. Kitenge kilitandazwa juu ya Aline na mumewe, Tantine ameshika upande mmoja, Mama Baraka mwingine, mchungaji akaomba ombi refu, refu mno hata kwa watu wa kwetu, na mimi nilimwona Tantine akifumba macho, taya zimekaza, hadi ikasikika amina.

Tantine akasimama. Kitenge chake kilikuwa kimeloa nyuma, doa pana, jeusi. Hatua chache hadi mlangoni, na ukumbi mzima umeketi ukitazama upande ule. Mama Baraka alisimama papo hapo. Alikwenda nyuma yake, karibu sana, kifua kikigusa mgongo, akamshika kiuno kwa mikono miwili, na nilipofungua kinywa kupiga kelele nikidhani anamwonyesha kwa watu, yeye alianza kuimba. Sauti nene, wimbo wa kumpokea mama mkwe. Akapiga mguu kulia, akapiga kushoto, akimsukuma Tantine mbele yake taratibu. Mama yangu alielewa upesi. Akaruka akamshika Mama Baraka kiuno kutoka nyuma. Mwanamke mwingine akamshika Mama. Kisha mwingine, vigelegele vikipanda, wamama wa Kentucky na wamama wa Minnesota, mstari mrefu ukitoka mlangoni ukicheza hadi kwenye gari, na Tantine mbele ya wote akipiga mguu kulia, akipiga mguu kushoto, akicheka huku analia.

Alishonwa mwaka uliofuata. Daktari alizungumza naye kupitia mwanamke wa simu ambaye hatukumjua jina. Kwenye video ya arusi, ambayo Aline bado anayo, hakuna anayeona chochote isipokuwa ngoma, na vijana wa kule huomba ngoma ile ichezwe kwenye arusi zao, eti ndiyo desturi yetu tangu zamani.